Sheria Niliyoiweka kwenye Gemu Yako

Babati, jioni ya kuamkia safari yako

Aikande mwanangu,

Barua huanza kwa kuulizana hali, lakini hali yako naijua. Mchana umekula ugali na mlenda mara mbili, ukasema tumbo limejaa, kisha nikakukuta jikoni unakomba sufuria. Sasa hivi wewe na mama yako mmekwenda Bonga kuwaaga akina mama wa kikundi cha wakulima, na mimi nimesingizia mgongo ili nibaki nyumbani. Mgongo wangu hauna kitu. Nilitaka meza hii na muda wa kukaa peke yangu.

Sitakuambia ufunge mlango wala uchemshe maji. Mama yako ameshayasema mara nne, na mara ya tano atayasema stendi mbele za watu. Mimi nina jambo moja tu, na nitalitoa sasa hivi, maana nikizunguka nitaishia kukuandikia habari za mvua. Ile kazi ya mradi uliyoikosa mwaka juzi, hukuikosa kwa sababu ulikuwa mchanga, wala kwa sababu gemu yako ilikuwa mbaya. Uliikosa kwa sababu yangu. Nilisema uongo kwenye simu. Anayejua ni mimi peke yangu; aliyenipigia aliniamini, na hata mama yako hajui. Kesho unakwenda Dar es Salaam kufanya kazi kubwa kuliko ile, na sitaki umuage baba ambaye siye unayemdhani.

Nivumilie nikueleze ilivyokuwa. Nitaanza mbali kidogo, mimi ni bwana shamba na sisi hatujui kuanza karibu.

Uliporudi kutoka chuo Arusha na diploma yako ya kompyuta, nilijua utaomba kazi halmashauri. Nilishaanza kukusemea kwa watu. Wewe ukaniambia mezani, mama yako akipakua maharage, "Baba, nataka kutengeneza gemu." Nikacheka, nikadhani unatania. Hapa Babati ukisema gemu watu wanawaza mambo mawili: kibanda cha vijana wanaocheza mpira kwenye televisheni, au kubeti. Mzee mmoja wa kanisa alinivuta pembeni baada ya ibada akaniuliza kwa sauti ya msiba, "Baba Aikande, ni kweli binti anatengeneza mambo ya kubeti?" Nikamwambia hapana, ni gemu za kufundishia. Akasema, "Afadhali," lakini uso wake haukusema afadhali.

Na mimi nilikuwa sijui ninachokitetea. Nilipaswa kujua, maana dalili zilikuwepo tangu uko darasa la tatu. Ulikuwa unaokota vizibo vya soda, unafungua soko barazani, na binamu zako wanakuja kununua na kudai chenji. Nikakurudisha kwenye daftari la hesabu, nikavimwaga vizibo vyote jalalani, nikasema michezo haijazi tumbo. Yule binamu yako aliyekuwa hawezi kutoa wala kujumlisha, alijifunza kutoa kwenye soko lile. Shangazi yako alikuja kuniuliza ni mwalimu gani nimempata. Sikuwa na uso wa kumwambia kwamba shule yenyewe nimeshaimwaga jalalani.

Nilianza kuelewa siku uliponiomba nikupeleke kwa pikipiki kwenye ile shule ya msingi yenye kompyuta za msaada. Zilikuwa zimefungiwa chumbani kwa kufuli kubwa la duka. Ukauliza watoto wanazitumia lini. Mwalimu akasema, "Wakizigusa zitaharibika." Zilipofunguliwa kwa heshima yako, gemu ya hesabu iliyokuwa ndani ilimtaka mtoto ahesabu masanamu ya theluji, yenye pua ya karoti. Mtoto mmoja akakuuliza, "Dada, hawa ni akina nani?" Jioni ile ulikasirika mpaka ukashindwa kula, na kwako hiyo ni habari. Baada ya wiki mbili uliwarudia na ya kwako: wanahesabu bajaji zinazoingia stendi, wanagawa samaki wa ziwani mafungu mafungu. Mwalimu yule yule alicheza mpaka watoto wakaanza kunung'unika kwamba ni zamu yao.

Nikaanza pia kuwasikia wenzako wa gemu kwenye kundi lenu la simu, yale maongezi marefu unayoyaweka kwa sauti kubwa huku unaosha vyombo. Mpo wachache, jamani. Mmoja Moshi, mmoja Dodoma, wawili Mwanza, wengine Arusha. Kila mmoja ni mchoraji, ni fundi, ni mwandishi, na ndiye huyo huyo anayebisha hodi maofisini. Mnaazimana picha, mnaazimana sauti. Wanaowapa kazi ni miradi. Mradi unakuja, unataka gemu ya majaribio, watu wanapiga picha, mradi unaisha, na gemu inabaki kwenye laptopu ya ofisa. Uliwahi kumwambia mwenzako, nikiwa nasikia, "Huku kwetu gemu haifi kwa kukosa wachezaji. Inakufa ofisa akihamishwa." Nilicheka peke yangu, kwa sababu hata kilimo chetu kina maofisa wa namna hiyo.

Ndipo ukaja mradi wa mafunzo ya wakulima. Walitaka gemu ya kumfundisha mkulima wa mahindi, iwe nyepesi, ikubali kwenye simu iliyopasuka kioo, isiombe bando, isimlazimishe mtu kusoma sana. Wangekuja Bonga kuona majaribio, na ukifaulu ungepewa kazi ya mkoa mzima. Ulifanya kazi hapo sebuleni karibu na dirisha. Ulipotafuta sauti ya kuongoza mchezo ukamchagua mama yako, na lafudhi yake ya Kiiraqw kutoka Dareda. Nilikuambia utafute mtangazaji. Ukasema, "Mtangazaji hawezi kumgombeza mtu akasikia." Ulikuwa sahihi. Mtu akipanda kabla mvua haijatulia, simu inapiga kelele, "Wee! Unakimbilia wapi? Ardhi haijashiba!" Mama yako akijisikia anajifunika uso kwa kitenge, lakini nimeshamfuma mara nyingi akiicheza peke yake.

Mtaalamu wako nilikuwa mimi. Loo, nilivyolipenda neno hilo! Miaka ishirini na sita nimezunguka Sigino na Bonga na kwingineko na pikipiki ya ofisi. Nimeendesha semina ambazo watu wanasaini mahudhurio, wanakunywa soda, wanasinzia, na mwisho wananishukuru sana. Leo mwanangu mwenyewe ananiuliza maswali na kuandika ninachojibu. Niliumuka kama andazi.

Siku moja kabla ya wageni kuja, nikakuambia uongeze sheria. Mchezaji akichanganya mahindi na maharage au mbaazi kwenye shamba moja, akatwe pointi, na maandishi mekundu yatokee: UMEKOSEA. Ndivyo nilivyofundishwa na ndivyo nilivyofundisha, mahindi peke yake, mistari iliyonyooka, kamba na vipimo. Ukaniangalia. "Baba, bibi Dareda anachanganya." Nikasema bibi si mtaalamu. "Baba, shamba letu la Sigino lina mbaazi katikati ya mahindi." Nikasema hilo ni la mama yako. Ukasema taratibu, "Basi twende Bonga tukawaulize akina mama kwanza, bado kuna muda." Nami nikakupandishia sauti: "Nani bwana shamba hapa, mimi au wewe?" Ukainamisha kichwa, ukaiandika.

Nyani haoni kundule, mwanangu. Mchana wa siku hiyo nilikuwa nimekula mbaazi za shamba hilo hilo na kuomba nyongeza. Mabwana shamba wengi ninaowafahamu tuko hivyo, kazini mistari, nyumbani mchanganyiko, na hakuna anayemuuliza mwenzake.

Kesho yake, kwenye ghala la kikundi, Mama Paulo ndiye aliyeshika simu ya kwanza, kwa kuwa ni mwenyekiti wao. Akapanda mahindi, akatia maharage katikati, akaongeza mbaazi, anatabasamu. UMEKOSEA. Akarudia polepole, akidhani kidole kimeteleza. UMEKOSEA. Wa pili vile vile, wa tatu vile vile. Kila mwanamke mle ndani alichanganya, na kila mmoja aliambiwa amekosea kazi aliyoifanya tangu akiwa msichana. Mama Paulo akaiweka simu juu ya gunia. "Hiki kitu hakijawahi kulala njaa," akasema. Kisha akawageukia wageni kwa upole. "Mahindi yakikataa, mbaazi haikatai. Sasa simu hii inataka watoto wangu wale mistari?"

Ghala zima likacheka. Yule mama wa mradi, mwenye miwani, akauliza, "Hii sheria imetoka wapi?" Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwako na daftari mkononi. Ukajibu, "Ni kosa langu. Mimi ndiye niliyeitengeneza." Hukunitupia jicho hata kidogo, ili nisiumbuke mbele ya wakulima wangu. Na mimi nikaangalia daftari.

Hilo unalijua, ulikuwepo. Usilolijua ndilo hili.

Siku ya tatu yule mama alinipigia nikiwa njiani kwenda Sigino. Nikasimamisha pikipiki. Akasema wamekupenda, gemu ni nyepesi, sauti ni nzuri, wakulima hawakusinzia. "Swali langu ni moja, bwana shamba. Ile sheria ni ya kwake mwenyewe, au aliambiwa aiweke? Kama aliambiwa, hilo linarekebishwa kwa siku moja na kazi ni yake. Kama aliitoa kichwani bila kuwauliza wakulima, hatuwezi kumkabidhi mkoa mzima."

Unaona swali lilivyokuwa jepesi? Neno moja tu lilitosha. Nikamjibu, "Ni ya kwake, mama. Hawa vijana wa kompyuta hawaulizi."

Hawaulizi! Wewe uliyeniomba twende tukawaulize, ndiye niliyesema huulizi. Akanishukuru, akakata simu. Nikawasha pikipiki nikaenda kufundisha vipimo vya mbolea.

Nimejiuliza sana kwa nini nilifanya vile. Niliogopa, hilo la kwanza. Nilikuwa nakaribia kustaafu, nikaona taarifa inafika kwa wakubwa kwamba mzee wao anafundisha mambo yaliyopitwa na wakati. Hofu hiyo naweza kuisema hata kanisani. Ya pili inanitia aibu zaidi. Nilikuonea wivu. Wale akina mama waligombania simu yako, wakabishana, wakasukumana, na hata ilipowaudhi waliudhika kwa moyo wote. Mimi hawajawahi kuniudhikia. Walinipigia makofi tu, wakarudi kuchanganya. Mzazi kumwonea wivu mtoto aliyemzaa ni kitu ambacho hakuna anayekuambia kwamba kipo, kwa hiyo siku kikija hukitambui, unadhani ni busara za utu uzima.

Baada ya wiki mbili ujumbe ukaja: asante, tumepata watu wengine. Ulikaa siku tatu bila kuwasha kompyuta. Nikakununulia chipsi mayai stendi, nikakaa ubavuni kwako, nikasema, "Usijali, mama. Bado mchanga, utakomaa." Fikiria hilo, Aikande. Nilikufariji kwa uongo wangu mwenyewe. Ukasema, "Asante, baba," ukala nusu, ukanibakishia nusu.

Sasa niache nijivune kidogo, maana nisipojivuna nitapasuka.

Siku ya nne uliamka, ukachukua jembe la mama yako, ukapanda bodaboda mpaka Bonga. Nikadhani umechanganyikiwa. Kumbe ulikwenda kumwomba Mama Paulo akufundishe kulima. Msimu mzima! Ulipanda naye, ukapalilia naye, ukavuna naye, mikono ikatoka malengelenge mpaka ukawa unachapa kwa kidole kimoja. Ulirudi jioni na matope miguuni na daftari kwapani. Siku moja ukiwa bafuni nililifungua lile daftari. Ulikuwa umeandika kila walichokuambia. Kwa nini maharage yanatangulia kung'olewa. Nani anapanda mbaazi nyingi, nani chache, na kwa sababu gani. Nani alilishwa na mbaazi mwaka ule mvua zilipokata. Miaka ishirini na sita sikuwahi kuyaandika mambo yale, kwa sababu muda wote mimi ndiye niliyekuwa nazungumza.

Gemu yako ya pili haina UMEKOSEA hata moja. Mtu anapanda atakavyo, mvua inanyesha itakavyo, na mwisho wa msimu anaona kilichoingia ghalani na familia itakula mpaka lini. Basi. Siku ulipowapelekea hapakuwa na mgeni wala soda. Nilisimama mlangoni kama mtu aliyekuja kuuliza njia. Mama mmoja, mwanafunzi wangu mtiifu kuliko wote, aliponiona pale alipanda mahindi matupu, mistari imenyooka. Mvua ikakata. Ghala likabaki na nusu debe, na sauti ya mama yako ikasema, "Pole. Utakula nini sasa?" Yule mama akalifuta shamba lile. Akaanza upya, akajaza mbaazi kila mahali. Jirani yake akamwambia, "Ukibananisha hivyo zitanyimana chakula." Wakabishana. Wakainuka wakapima sakafuni kwa hatua za miguu. Kisha Mama Paulo akageuka mlangoni akaniita: "Bwana shamba, wewe si umesomea? Mbaazi na mahindi ziachane kiasi gani?"

Hilo lilikuwa swali la kwanza, tangu niajiriwe, kutoka kwa mtu aliyekuwa analitaka jibu. Nilimjibu. Halafu nikatoka nje, nikajifanya nakagua tairi la pikipiki, nikalia.

Haki ya Mungu sijawahi kuona fahari ya namna ile. Nimesimamia harusi, nimejenga nyumba, nimekuona unapokea cheti. Vyote hivyo havifiki hapo. Mtoto niliyemkandamiza kwa cheo changu alirudi akanipa wakulima wangu, wakiwa macho, wakiwa na maswali. Tangu siku ile nafundisha nikiwa nimekaa chini. Naanza kwa kuuliza wao wanafanyaje, na saa nyingine naondoka bila kufundisha kitu, nimefundishwa mimi.

Video ya mabishano yale ndiyo uliyomtumia mwenzako wa Dodoma, yeye akaisambaza, mpaka ikafika kwa hawa watu wa Dar es Salaam wanaotengeneza gemu za kuwafundishia wahudumu wa afya wa vijijini. Walipokupigia walikuhoji kwa muda mrefu, mpaka chai yako ikapoa. Mwisho wakataka mtu anayeijua kazi yako. Nilikuwa nimekaa pale pale, nikakaza shingo, nikasafisha koo. Ukawapa namba ya Mama Paulo. Sijui kama kuna kitu ulishakihisi, au ulimchagua tu kwa haki yake. Nasikia aliwajibu, "Huyu mtoto ukimwambia amekosea, anauliza wapi." Nimeandikia vijana wengi barua za kuombea kazi, na sijawahi kupata maneno mazuri kama hayo.

Huko uendako utanikuta kwa sura nyingine. Nitakuwa nimevaa koti jeupe, daktari au nesi mkuu wa miaka mingi, na nitakuambia uandike kwamba mhudumu akimkuta mama mjamzito anakunywa dawa za miti shamba, amkemee, na asipomkemea akatwe pointi. Usinidharau. Pengine nitakuwa najua ninachosema, hata mimi mbolea naijua kwelikweli. Lakini niulize mama yangu alikunywa nini akiwa na mimba yangu. Kisha nishike mkono twende wote kwa akina mama, nikae chini, nisikie. Nikipandisha sauti, wewe usiinamishe kichwa. Adabu hiyo ya kunyamaza nilikufundisha mimi, nami ndiye niliyekuja kuitumia vibaya. Ungenikatalia siku ile ningenuna siku mbili, mama yako angenicheka, na yangekwisha.

Tena usimbebee mtu mzima makosa yake mbele za watu. Ulinibebea ukidhani unanipa heshima. Ungenitaja, ningeaibika kwa mchana mmoja nikapona.

Na wakikuambia kazi hii yenu huku kwetu bado changa, kubali, ni kweli, mpo wachache na hakuna njia iliyokwisha kulimwa. Anayelima pori ndiye anayekutana na visiki. Lakini usikubali mtu akuambie kwamba kwa kuwa ni changa basi ifanywe ovyo, au ifanywe na watu ambao hawajawahi kukaa na wachezaji wao.

Mwezi uliopita nilimtafuta yule mama wa mradi nimwambie ukweli. Namba haipatikani. Nikaenda mpaka kwenye ofisi waliyokuwa wamepanga, sasa ni saluni. Mradi umeisha, na ile gemu waliyoinunua kwa wengine hakuna mkulima wa Bonga aliyewahi kuiona. Kwa hiyo hakuna wa kunisuta. Ningeweza kunyamaza mpaka kaburini, na wewe ungenililia kama baba mwema. Nimejaribu kunyamaza, nimeshindwa. Kila ukinikumbatia nasikia neno lile, hawaulizi.

Kwetu Marangu, mtu akimkosea mwenzake kosa zito huchuma jani la isale, akalifunga fundo, akampelekea. Anayelipokea hana ruhusa ya kukataa kusamehe. Babu yako alimsamehe mdogo wake aliyeuza ng'ombe wa kaka yake kwa siri, alimsamehe huku meno yameumana, kwa kuwa jani lilikuwa limeshafika mkononi. Leo asubuhi nimekata isale kwenye ua nyuma ya nyumba. Nikalifunga fundo, nikalitia ndani ya bahasha. Kisha nikalitoa. Nikikupa jani hili utanisamehe kwa sababu huna njia nyingine, na utapanda basi na hasira yako umeimeza nzima. Sitaki hivyo. Kasirika. Ukitaka kunyamaza, nyamaza hata mwaka. Nakuomba msamaha, mwanangu, nakuomba kwa mdomo mtupu, na jibu ni lako peke yako. Likiwa hapana, bado nitakutangaza kanisani na ghalani na kwenye foleni ya benki, mpaka watu wa Babati wanichoke.

Nilikuwa nimepanga kuificha barua hii kati ya nguo zako, uisome basi likiwa limeshapita Kondoa. Nimeghairi. Uongo niliusema mahali ambapo sikuuona uso wako. Nasikia mama yako anacheka na majirani huko nje, mmefika. Naja kukufungulia, nikupe barua hii mkononi kabla hujavua viatu, na nitakaa mbele yako, nikikuangalia, mpaka uimalize.

Baba yako